Kitabu Alichonisimulia Wifi

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu,

Salaam nyingi, na pole tena, maana pole ya msiba haiishi kwa kusemwa mara moja. U mzima? Mgongo wako na cherehani vinaelewana? Mimi nipo. Nakula, naenda kazini, narudi.

Simu yako niliiona Jumapili, nikashindwa kuipokea. Usinikasirikie. Kwenye simu kila mtu ananiuliza kama nimeshazoea, nami jibu sina. Kwa barua naweza kukaa kidogo kabla ya kusema.

Nimempa dereva wa basi sanduku la vitu vya kaka yako. Mna mashati yake yote, amepiga pasi mwenyewe, sijayagusa. Mna redio, saa ya mkono, na zile spana alizoachiwa na baba yenu, ambazo hakuna fundi bomba mwenzake aliyeruhusiwa kuziazima. Nimeona ni haki vitu vya kwenu virudi kwenu. Sisi hatukujaliwa watoto, na humu ndani hakuna wa kuvirithi. Wazee wakiuliza, waambie nimetoa kwa moyo mweupe.

Chini kabisa utakuta kitabu. Si cha maktaba, usiogope, nilikinunua mwenyewe. Ni hadithi ya mlinzi aliyekutwa amekufa kwenye kinu cha unga. Tulikuwa tunakisoma pamoja. Ulituona ulipokuja kututembelea: yeye anapiga pasi, mimi nasoma kwa sauti, na kila baada ya kurasa chache anainua pasi juu na kumtaja muuaji. Miaka yote ya ndoa yetu hakumpata hata mmoja. Hiki tulikifikisha katikati. Alisema muuaji ni mhasibu, kwa sababu mtu anayevaa soksi nyeupe kwenye kinu cha unga ana jambo analificha. Wiki hiyo hiyo ndiyo alianguka kazini.

Sasa kitabu hicho siwezi kukaa nacho, na kukitupa siwezi. Mpe yeyote anayesoma.

Asante kwa yote, wifi. Umenitendea wema kuliko nilivyotegemea.

Wifi yako


Tarehe 19 Februari

Wewe wifi,

Hujambo? Mimi sijambo. Mgongo na cherehani wamenuniana, lakini kazi wanafanya.

Sanduku limefika. Nililifungua nikiwa na mteja dukani, kosa langu. Nililia juu ya kitambaa chake cha mapazia, ikabidi nikifue kabla ya kukikata.

Sasa nisikilize. Umenirudishia vitu vya kaka yangu kama mtu anayerudisha masufuria ya kuazima baada ya shughuli. Na hiyo "asante kwa yote" nimeisoma mara mbili. Asante ya nini? Mimi ni duka, umemaliza kununua unaondoka? Najua mwanzoni sikukupenda. Siku ya harusi yako nilikuona na kitabu ndani ya mkoba, nikamwambia mama, kaka ameoa kabati la vitabu. Lakini kabati lenyewe nimelizoea, na mtu haniambii kwaheri kwa sanduku.

Haya, kitabu. Unajua mimi si msomaji. Mimi nasoma futi na majina ya wateja. Ila juzi umeme ulikatika mchana kutwa, cherehani ikalala, nikakishika. Ndani mlikuwa na tiketi ya basi pale mlipoishia. Nikaanza hapo hapo penye tiketi. Wifi! Huyo mhasibu anaitwa kuhojiwa ukurasa wa pili tu baada ya tiketi, na jasho linamtoka kama aliyebeba jokofu! Huenda safari hii kaka yangu kapata.

Nikuambie inavyokwenda, au hutaki? Labda umeshazama kwenye vitabu vingine. Unasoma nini siku hizi? Mtu anayeshinda na vitabu kutwa hawezi kukosa.

Wifi yako, na bado


Tarehe 6 Machi

Wifi yangu,

Habari za huko, na za mapazia ya yule mteja? Mimi mzima, ila nina mafua ya vumbi la rafu, ambayo kwa kazi yetu si ugonjwa, ni sare.

Umenikemea vizuri. Sina la kujitetea. Umeniuliza nasoma nini, na hilo nitalijibu kwa urefu, halafu nikuambie ukweli.

Watu wanadhani mfanyakazi wa maktaba anasoma kutwa. Kutwa tunasoma migongo ya vitabu na majina ya waliochelewa kurudisha. Kusoma kwenyewe ni kuiba dakika. Mimi nimesoma kituoni nikisubiri basi, na likafika likaondoka. Nimesoma nimesimama jikoni. Kaka yako alikuwa akisema anaujua utamu wa hadithi kwa jinsi chakula kilivyoungua. Benki nilikuwa nawapisha watu mbele yangu ili nimalize sura. Napenda hadithi za upelelezi. Mtu amekufa, nyumba ina watu sita, nani kafanya: hapo mimi natulia kama mtoto aliyeshiba. Hadithi za mapenzi zinanichosha, kwa sababu kuanzia ukurasa wa kumi kila mtu anajua nani atamwoa nani isipokuwa wao wenyewe. Maelezo ya hali ya hewa nayaruka. Kitabu kikianza na ndoto nakifunga. Wala sinusi vitabu kama wale wasomaji wanaofumba macho. Kitabu cha maktaba kinanuka mikono ya mji mzima. Ninachopenda ni kuvikagua vikirudi. Makombo ya mkate yakiishia ukurasa wa arobaini, najua msomaji alikata tamaa hapo, na nausoma ukurasa huo nione kulikuwa na kosa gani.

Huyo alikuwa mimi. Ukweli ni kwamba tangu kaka yako aondoke sisomi. Si kwamba sitaki. Nafungua, macho yanapita, nikifika chini ya ukurasa sijui juu kulisemwa nini. Narudi juu. Hakuna kitu. Nimejaribu vipya, nimejaribu nilivyovipenda zamani, nimejaribu hata vya watoto vyenye picha. Ni kumimina maji kwenye gunia.

Na nimepata balaa kazini. Mkuu wetu mpya, binti mdogo kwangu, mwenye akili na haraka, ameanzisha Saa ya Kitabu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mmoja wetu anawasimulia wasomaji kitabu alichosoma. Juzi ilikuwa zamu yangu. Nilichukua maneno ya jalada la nyuma nikayavuta mpaka yakakaribia kukatika. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na yule pacha wake anaishia wapi?" Sikujua kama kuna pacha. Nikasema, "Hilo kasome mwenyewe." Watu walicheka. Mkuu hakucheka. Aliniita ofisini akasema meza ya wasomaji inataka mtu anayesoma, na kule chini stoo kuna magazeti ya zamani yanasubiri kupangwa. Hakusema kwa ubaya. Akanipa na zamu inayofuata, na nyingine baada ya hiyo, apate kuona. Stoo haina dirisha, wifi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu mwisho wake nauona.

Jambo moja la ajabu: barua yako niliisoma yote, na kesho yake nilikuwa naikumbuka neno kwa neno. Kwa hiyo ndiyo, nataka. Niambie kilichompata mhasibu. Usiruke kitu, hata hali ya hewa.

Wifi yako


Tarehe 22 Machi

Wifi, msomaji usiyesoma,

U hali gani? Mafua yamekuachia? Hapa salama, isipokuwa shule zinafunguliwa karibuni na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mwanawe ana miguu mirefu.

Kaa chini. Ilibidi nirudi mwanzo wa kitabu, maana watu walikuwa wengi, nikawa sijui nani ni nani. Nitakupa nilivyoelewa mimi. Ukitaka ufasaha, mtafute aliyekiandika.

Mlinzi anakutwa asubuhi katikati ya magunia, mweupe pee kwa unga mpaka kope. Hiyo unaijua. Anakuja mpelelezi. Huyo mtu simpendi. Amekunywa vikombe vitatu vya chai kwa mjane na hajamuuliza mumewe alitoka nyumbani saa ngapi. Anatazama dirisha. Ningekuwa mjane ningemwambia, baba, dirisha lilikuwepo hata kabla hujaja, niulize mimi.

Sasa penye tiketi yenu. Mhasibu anaitwa. Soksi nyeupe kweli, na viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuposa. Anaulizwa usiku ule alikuwa wapi. Anasema nyumbani, jino lilimuuma. Mpelelezi anamwambia, fungua kinywa. Anafungua. Wifi, meno yote mazima! Nilipiga ukelele, jirani yangu mwuza vyombo akaja mbio akidhani nimejishona kidole. Ikabidi nimsimulie. Sasa anakuja kila jioni na kigoda chake: "Mhasibu vipi?"

Mwenye kinu anagombana na kila mtu. Huyo simshuku. Mtu mwenye kelele kiasi hicho hana muda wa kuua. Halafu kuna dereva wa lori. Huyo ndiye mwenye adabu peke yake humo ndani. Anampa mpelelezi lifti, anamletea mjane unga, maneno yake machache. Nampenda. Kaka alimsemaje?

Nimeishia pale panapoonekana alama za kiatu juu ya unga uliomwagika. Za mguu wa kushoto tu! Mtu gani anatembea kwa mguu mmoja? Nasimama hapo, nina marinda ya sketi yananisubiri. Ukijibu haraka, nitasoma haraka.

Wifi yako


Tarehe 10 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta marinda yamekwisha na mgongo umenyooka. Huyo jirani msalimie, ingawa hanijui.

Kaka yako alisema dereva ni mtu mwema, kwa sababu anakagua matairi kabla ya kuondoka.

Wifi, nilisimama Jumamosi nikawasimulia. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa lugha ya maktaba, "mwandishi anatuonyesha," lakini nilipofungua kinywa ukatoka wewe. Nikawaambia kuhusu chai na dirisha. Nikawaambia kuhusu jino. Chumba cha kusomea kilicheka mpaka bawabu akaingia kuona kuna nini. Kuna mzee mmoja, kondakta mstaafu, anashinda dirishani na magazeti, anavua viatu akisoma. Sijapata kumsikia akiuliza kitu. Nilipofika kwenye ule mguu wa kushoto akasema kwa sauti, "Labda alikuwa anapanda gari. Mmoja chini, mmoja kwenye ngazi." Wenzake wakamwambia anyamaze asiharibu.

Nakala zetu zote mbili zimeazimwa siku hiyo hiyo, na kuna watu wamejiandikisha kungoja. Mkuu aliniuliza nani kanifundisha kusimulia hivyo. Nikasema, jamaa yangu mmoja.

Kabla nakala ya mwisho haijatoka, niliifungua mwenyewe. Kurasa mbili, macho yakapita, kapa. Basi sina njia ila wewe. Zamu yangu nyingine ni mwanzo wa Mei na wananidai mwisho. Tafadhali uwahi.

Wifi yako


Tarehe 27 Aprili

Wifi yangu,

Za masiku? Sisi wazima. Jirani anakusalimu na anasema ungefaa kuzaliwa mtaani kwetu.

Nimemaliza. Nimempelekea dereva wa basi barua hii mkononi ili iwahi.

Ni mhasibu.

Ndiyo, wifi. Mhasibu. Alikuwa anatoa magunia kwa mlango wa nyuma, mlinzi akamwona, ndio ikawa mwisho wake. Na ule mguu wa kushoto? Alivua kiatu cha kulia kisichafuke, akaruka ruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni. Mtu wa soksi nyeupe! Usafi ndio uliomponza. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kilikuwa soksini.

Mpelelezi anamkusanya kila mtu kwenye chumba cha mashine. Anazunguka, anazunguka, halafu anasimama mbele ya mhasibu anamwambia, vua kiatu. Anavua. Soksi ya kulia imerukiwa unga kwenye mishono ambao haukutoka kwa kufuliwa. Mhasibu anaketi chini. Mpelelezi anajipiga paja, anacheka, anasema, "Nilisema mimi! Sikusema?"

Dereva wa lori anampeleka mjane nyumbani kwake. Basi, ndio mwisho.

Kwa hiyo kaka yako alipata. Nimefurahi sana, wifi. Waambie wasomaji wako kwamba kuna fundi bomba mmoja aliyejua tangu katikati.

Wifi yako


Tarehe 24 Mei

Wifi,

Salaam. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako niliisoma kituoni, nikalia mbele ya watu, machozi ya furaha. Jumamosi nikawasimulia mwisho. Nikawaambia mume wangu alijua tangu katikati. Walipiga makofi, wifi. Mama mmoja alikuja kunishika mkono.

Majuma mawili baadaye kondakta alikuja mezani kwangu na kitabu, amevaa viatu, nikajua kuna jambo zito. Akasema kwa upole, "Mama, mimi labda sikuelewa. Mbona mhasibu ndiye anayempeleka mpelelezi hospitali mwishoni?"

Nilidhani kachanganya vitabu. Akanifungulia ukurasa. Niliangalia kwa hasira, nikasoma mistari miwili, nikaona jina la hospitali na mhasibu ameshika mkono wa mpelelezi. Nikakaa. Nilikichukua kitabu nikaenda nacho nyuma, kwenye chumba cha kugundishia vitabu vilivyochanika, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilikuwa natafuta uwongo wako unaanzia wapi. Nilisoma mpaka kengele ya kufunga, nikasoma ndani ya basi, nikasoma nyumbani nimesimama na mkoba begani. Ni dereva, wifi. Wala si jambo la kubahatisha, limeandikwa kurasa nne nzima. Alikuwa anapanda lori lake, mguu mmoja chini, mwingine kwenye ngazi, kama kondakta alivyosema. Na ule mstari wa "Nilisema mimi" nimeutafuta kuanzia jalada mpaka jalada. Haumo. Kama ungenionyesha kipande hicho peke yake, ningejua ni kaka yako aliyekuwa akijipiga paja hivyo. Sikutaka kujua.

Mkuu habari zimemfikia. Ameniita: "Nasikia umesimulia mwisho usiokuwepo." Nikamwambia ukweli wote, kwamba sikukisoma, nilisimuliwa. Kisha akasema Jumamosi ya kwanza ya Juni nisimame tena, nikisimulie upya mbele ya watu wale wale. Nikiweza, sawa. Nikishindwa, Jumatatu yake niripoti stoo.

Nilisimama mbele ya watu kwa maneno yako, wifi. Kwa nini?

Wifi yako


Tarehe 20 Juni

Wifi yangu,

Hujambo? Hujajibu. Nimepiga simu, inaita mpaka inachoka. Nimemuuliza dereva wa basi, anasema anakuona dukani, unashona. Basi u mzima, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nikuambie yaliyotokea, hata kama hutaki kuniambia yako.

Nilisimama. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ya aibu haihitaji tangazo. Nikawaambia kwamba tangu nifiwe nilikuwa siwezi kusoma, na kwamba kitabu hiki nilisimuliwa kwa barua na wifi yangu, ambaye alikibadilisha mwisho. Nikawasimulia mwisho wa kitabu ulivyo, dereva, lori, hospitali, vyote, bila karatasi mkononi. Kondakta alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila nilipofika mahali panapostahili. Nilipomaliza, yule mwanafunzi wa pacha akauliza, "Sasa mwisho upi ni bora?" Nikamwambia wa kitabu ndio wenye akili, lakini kama angemjua marehemu angechagua wa wifi.

Mkuu alinifuata hadi mezani. Alisema, "Endelea kukaa hapa." Akachukua kalamu yangu akaondoka nayo, nadhani kwa kusahau.

Na sikiliza. Usiku wa hasira ile nilisoma kitabu kizima, na nilipokifunga nilishtuka, kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani kumbe ameivaa. Tangu hapo nimesoma vingine viwili. Cha tatu kilianza na ndoto, nikakifunga, nikajua nimepona.

Kwa hiyo hasira sina tena, wifi. Ila nina swali lile lile. Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Wifi yako


Tarehe 15 Julai

Wifi,

Salaam aleko nyingi zisizo na uso. U mzima? Mimi mzima.

Sikununa. Niliona aibu, na aibu yangu hujifanya kazi nyingi. Nimeshona mapazia ya watu ambao hata madirisha hawajajenga.

Umeniuliza kwa nini. Nilipofika penye dereva nilikitupa kitabu chini ya meza. Kwanza, dereva nilimpenda. Mimi na watu wapole wenye magari hatuna bahati, na hilo unalijua. Halafu nikakiokota, nikachukua karatasi nikuandikie. Nikaandika "Wifi, kaka alikosea tena." Nikaitazama hiyo sentensi. Maisha yake yote alikosea. Alikosea timu za kushangilia. Alikosea mbegu akapanda, yakaota magugu, akayamwagilia. Alimwambia mama kwamba mimi na yeye, wa kwanza kuondoka nitakuwa mimi kwa sababu ya mdomo wangu. Hata hilo! Sasa yuko chini ya ardhi, na mimi ndiye nimuandike tena kwamba amekosea? Mkono ulikataa. Nilitaka apate, mara moja tu. Nikatunga soksi. Nilipofika kwa mpelelezi, kaka akaja mwenyewe akajipiga paja. Sikumwita.

Sikujua kama utaenda kukisimulia mwisho wake mbele ya umati. Yaani nilijua, uliniambia, lakini niliona watu hao ni wa mbali. Nisamehe kwa hilo la kukuaibisha kazini. Hilo ndilo linaloniuma.

Na kuna jingine, nilimalize. Nilijua hadithi ikiisha, barua zitaisha. Wewe ulishaniaga kwenye ile ya kwanza. Wazee nao waliniambia, mwache mjane wa watu, hana mtoto kwetu, atafute maisha yake, usimng'ang'anie. Wana haki, labda. Lakini mimi sina dada. Nilikuwa na kaka, na kaka akaleta kabati.

Basi. Nimesema. Jirani anauliza kama muuaji ni mhasibu kweli, maana sijamwambia.

Wifi yako, kama bado


Tarehe 30 Julai

Wifi yangu,

U mzima, na jirani? Mwambie ukweli huyo mama, asije akamdhania kila mwenye soksi nyeupe.

Barua yako nimeisoma nikiwa mezani, msomaji mmoja akasubiri mpaka akakohoa. Nilipokuandikia ile asante nilidhani ndivyo inavyofanywa. Mume akienda, unarudisha vitu vya kwao, unafunga mlango taratibu, huwasumbui watu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa sitaki kuwa yule mgeni ambaye chai imekwisha na bado amekaa.

Nimeomba likizo, mkuu amenipa mwezi wa Septemba mwanzoni. Naomba nije kwako, kama nafasi ipo. Nitakuja na nakala mbili za kitabu kimoja, kuna mwanamke amekufa hotelini na wageni wote wanasema walikuwa wamelala. Kila mtu atasoma yake. Atakayetangulia afunge mdomo. Na tafadhali, shati moja la kaka yako uniwekee. Nilitoa yote kwa haraka.

Sema kama nije.

Wifi yako


Tarehe 9 Agosti

Wifi,

Shikamoo sikupi, maana tumekaribiana umri, lakini ningeweza. U mzima? Mimi mzima, leo hata mgongo.

Unauliza kama uje? Njoo. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitoa vitambaa, na godoro limeshinda juani. Shati la buluu nimelitundika mlangoni, lina kola iliyolika, lakini najua ndilo utakalolitaka. Kuna kituo kipya karibu na benki, usishuke cha zamani, nitakuwa hapo. Njoo na viatu vya kutembea, maana kwangu hakuna kukaa kutwa na kitabu. Asubuhi utanisaidia kushona vifungo, mchana ndio tutasoma.

Jana nilikuwa nafagia huko nyuma, jirani akauliza namtayarishia nani. Nikamwambia anakuja wifi yangu. Akashangaa. "Bado unamwita wifi? Kaka yako si alifariki?"

Nikamwambia, aliyekufa ni kaka. Wifi sikumzika.

Wifi yako